Aliyepooza na Mwalimu wa Muuguzi Wake

Wengi wa wanaofikishwa hospitali katika nchi zetu wakiwa wameumia uti wa mgongo hawauawi na mvunjiko wenyewe. Wanakufa baadaye, wodini au nyumbani, wakati majirani wameshazoea kusema "anaendelea vizuri". Kidonda cha makalioni kimefika kwenye mfupa. Mkojo uliokuwa ukibaki kibofuni umerudi juu na kuharibu figo. Kifua kimejaa makohozi ambayo mgonjwa hana nguvu ya kuyatoa. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kwamba mtu aliyeumia uti wa mgongo ana uwezekano mara mbili hadi tano zaidi wa kufa mapema kuliko mwenzake, na kwamba katika nchi maskini vifo vingi vya namna hii vinatokana na mambo yanayozuilika.

Mambo hayo huzuiliwa kwa sehemu kubwa na mikono ya muuguzi. Ndiyo maana kila ninaposoma utafiti mpya kuhusu majeraha ya mgongo, natafuta jambo moja ambalo karibu kila mara silikuti: muuguzi huyu alifundishwa na nani, na aliyemfundisha alikuwa katika hali gani siku ile alipofundisha?

Nitaeleza kwa nini naona maswali hayo mawili ni swali moja.

Tuanzie Kilimanjaro, ambako takwimu zipo. Mtaalamu wa fiziotherapia Haleluya Moshi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden, walipekua mafaili ya wagonjwa wa Hospitali ya KCMC ya mwaka 2010 hadi 2014. Walikadiria kwamba mkoani humo, kwa uchache, watu 26 katika kila milioni moja huumia uti wa mgongo kila mwaka. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huo na watu wapatao milioni 1.6, kwa hiyo tunazungumzia watu arobaini na kitu kwa mwaka, tena waliofika hospitali tu. Aliyefia njiani hayumo. Chanzo kilichoongoza hakikuwa barabara kama wengi tunavyodhani. Kilikuwa kuanguka kutoka juu, na ajali za barabarani zikafuata. Ni mtu aliyepanda mti kukata majani ya ng'ombe wa ndani, au kuchuma matunda, tawi likakatika. Cape Town, ambako watafiti walikuta kiwango cha zaidi ya watu 75 kwa milioni, chanzo kikuu kilikuwa binadamu kumshambulia binadamu mwenzake, mara nyingi kwa risasi. Kila mahali pana namna yake ya kuvunja mgongo.

Katika mafaili yale ya KCMC, vidonda vya mgandamizo, ambavyo wodini huitwa vidonda vya kulala, vilikuwa miongoni mwa matatizo makubwa yaliyoandikwa. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kidonda cha kulala hakiletwi na ajali. Mgonjwa anakipata akiwa mikononi mwetu.

Historia ya matibabu ya mgongo inathibitisha hilo. Mganga wa Misri ya kale aliyeandika kwenye mafunjo yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, alipofika kwa mtu aliyevunjika shingo na kupooza miguu na mikono, aliandika kwamba hayo ni maradhi yasiyotibiwa. Hukumu hiyo ilidumu maelfu ya miaka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari aliyepigwa risasi ya mgongo aliwekwa pembeni asubiri siku zake. Kilichobadili mambo hakikuwa kisu cha upasuaji wala dawa mpya peke yake. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alikabidhiwa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza mwezi Februari 1944, na akatoa amri ambayo wengi waliiona ya ajabu: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Yeye mwenyewe alikuwa akipita wodini usiku kuhakikisha. Vidonda vikapona, maambukizi ya mkojo yakapungua, na watu waliotarajiwa kuzikwa wakaanza kuishi miaka mingi. Mwaka 1948 aliwashindanisha kulenga mishale katika uwanja wa hospitali, na kutoka hapo ikazaliwa michezo tunayoiita leo Paralimpiki.

Jina la Guttmann limebaki vitabuni. Waliokuwa wakigeuza wagonjwa saa nane za usiku, saa kumi, saa kumi na mbili, hawakuandikwa.

Fedha na sifa za utafiti wa leo zimeelekezwa kwingine, na sisemi zimepotea. Mwaka 2012 Michael Fehlings na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 313 walioumia shingo, wakaonyesha kwamba wanaofanyiwa upasuaji ndani ya saa 24 wana nafasi kubwa zaidi ya kurudishiwa nguvu za viungo. Mwaka 2018 timu ya Lausanne, Uswisi, iliwawezesha watu waliopooza kupiga hatua tena kwa kuwapandikizia kifaa kinachopeleka umeme kwenye mishipa ya fahamu ya mgongo. Ni mambo makubwa. Lakini kwa mgonjwa wa Rombo anayefika hospitali siku ya pili akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari dogo, shingo ikiyumba kila palipo na tuta, saa 24 zimeshakwisha kabla hajaonana na daktari. Na akifika, upasuaji unasubiri vyuma vya kushikilia mgongo vinunuliwe, na vyuma vinasubiri ukoo uchange. Watafiti waliofanya kazi na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wameandika waziwazi jinsi fedha zinavyochelewesha upasuaji wa mgongo. Katika siku hizo za kusubiri, tiba pekee anayoipata mgonjwa ni uuguzi.

Sasa tuutazame uuguzi huo ulivyo, maana watu wengi, wakiwamo baadhi ya madaktari, wanaudhani ni huruma na shuka safi.

Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu. Mtu mwenye afya hajijui, lakini usiku kucha hujigeuza kwa sababu ngozi yake humsumbua usingizini. Aliyepooza haambiwi kitu na ngozi yake. Inaanza kufa kimya chini ya kiuno, kwenye visigino, kwenye nyonga, na wakati mwingine sehemu ya ndani hufa kabla ya ile ya juu, hivyo anayetazama juujuu anaona wekundu tu na kuandika "ngozi nzima". Kumgeuza nako ni ufundi. Mgongo ambao haujaimarika hugeuzwa kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja, na kazi hiyo inataka watu watatu au wanne wenye kuelewana, mmoja akishika kichwa na kutoa amri. Ukikosea, unaweza kuharibu kile kidogo kilichosalia kwenye mishipa ya fahamu.

Kibofu nacho kina elimu yake. Kwa miaka mingi mgonjwa aliwekewa mpira wa mkojo ukabaki humo miezi, na vijidudu vikapanda nao. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe mara kadhaa kwa siku kwa mpira ulio safi tu, bila masharti makali ya chumba cha upasuaji, na figo zake zikasalimika. Njia hii inatufaa sana sisi: ni rahisi, inafanyika kijijini, haihitaji umeme. Lakini inahitaji muuguzi aliyefundishwa vizuri kiasi cha kuweza kumfundisha mtu ambaye ndiyo kwanza ameambiwa hatatembea tena, aliyejaa aibu na hasira, aushike mwili wake mwenyewe kwa mikono yake.

Kuna hali nyingine ambayo ndiyo kipimo changu cha muuguzi aliyefunzwa. Kitaalamu inaitwa disrefleksia. Mtu aliyeumia kuanzia usawa wa pingili ya sita ya kifua kwenda juu anaweza kuketi vizuri, mara kichwa kikaanza kumgonga, uso ukawa mwekundu, jasho likamtoka usoni na shingoni, na shinikizo la damu likapaa hadi kiwango cha kupasua mshipa wa ubongo. Muuguzi asiyeijua atafanya lile linaloonekana la busara: atamlaza, atamwambia apumzike, atakwenda kutafuta kidonge cha presha. Kumlaza kunazidisha hatari. Aliyefundishwa atamketisha wima mara moja, atalegeza nguo na mkanda, kisha atafuata mpira wa mkojo kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho akitafuta palipojikunja au kuziba. Mara nyingi mkojo uliojaa ndio unaoleta balaa lote hilo, au choo kilichokauka. Mpira unanyooshwa, mkojo unatoka, presha inashuka. Mtu amepona kifo ndani ya dakika chache kwa kitu kisichogharimu hata senti.

Lakini jambo hili halijulikani kwa kubahatisha. Halimo katika akili ya kawaida; kama nilivyosema, akili ya kawaida inaelekeza kinyume. Lazima mtu alifundishe, tena kwa namna inayobaki kichwani mpaka usiku ule, pengine miaka minne baadaye, katika kituo cha afya ambacho hakijawahi kupokea mgonjwa wa namna hiyo.

Huyo anayefundisha ndiye mkufunzi wa uuguzi. Tumtazame na yeye.

Kuanzia mwaka 2007 Tanzania ilikuwa na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Zahanati inataka watumishi, kwa hiyo vyuo vikatakiwa kudahili wanafunzi wengi zaidi, na vyuo vingi vya watu binafsi na mashirika ya dini vikafunguliwa. Uamuzi ulikuwa sahihi. Dunia nzima ina upungufu wa wauguzi, ambao ripoti ya hali ya uuguzi ya mwaka 2025 iliuweka kwenye milioni 5.8, na bara letu ni kati ya maeneo yanayoumia zaidi. Lakini mkufunzi hapatikani kwa kupanua darasa. Anatakiwa awe muuguzi aliyekomaa wodini, kisha asomee ualimu, kama wanavyofanya wanaopitia kituo cha CEDHA kule Arusha. Wanafunzi huongezeka kwa tangazo moja la udahili. Mkufunzi huchukua miaka.

Matokeo yake anayajua kila anayefanya kazi hiyo. Asubuhi anafundisha darasa lililojaa hadi mlangoni. Mchana anatakiwa awe wodini kusimamia vitendo, na wodi zenyewe zimejaa wanafunzi wa vyuo viwili au vitatu wanaogombea mgonjwa mmoja wa kujifunzia. Jioni kuna vitabu vya vitendo vya kusaini. Wakati wa mitihani ya vitendo anasimama kituo kimoja kutwa nzima akitazama mwanafunzi baada ya mwanafunzi akifunga kidonda kilekile kwenye sanamu lilelile. Juu ya hayo yapo makaratasi ya ithibati, kwa sababu NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, inataka yake na Baraza la Uuguzi na Ukunga linataka yake. Vyuo vingine mshahara unategemea ada, na ada inategemea msimu wa mavuno.

Kazi ikizidi, kuna kitu lazima kiachwe. Darasa haliwezi kuachwa, kwa sababu lina ratiba na wanafunzi watalalamika. Makaratasi hayaachwi, kwa sababu chuo kitafungiwa. Kinachoachwa ni wodi. Mkufunzi anapunguza saa za kusimama kando ya kitanda, anawaachia wanafunzi "mtasimamiwa na wauguzi wa zamu", na muuguzi wa zamu, aliye na wagonjwa kupita uwezo wake, anawageuza wanafunzi kuwa wasaidizi wa kubeba sampuli na kutandika vitanda. Mwanafunzi anamaliza mwaka akiwa amesoma kumgeuza mgonjwa kama gogo bila kuwahi kushika kichwa na kutoa amri. Siku anayopokea cheti, kidonda cha mtu ambaye bado hajaanguka mtini kimeshaanza.

Wafini wamelichunguza suala la ustawi wa walimu kazini kwa makini kuliko watu wengi. Terhi Saaranen wa Chuo Kikuu cha Mashariki mwa Finland, mjini Kuopio, na wenzake walijenga mfumo wa kuutazama ustawi wa watumishi wa shule kwa pande nne: mtu na kazi yake, mazingira anayofanyia kazi, ujuzi wake wa taaluma, na jamii ya watu anaofanya nao kazi. Napenda mfumo huu kwa sababu haumpeleki mwalimu kwenye semina ya kupumua na kunyoosha viungo huku kazi ikibaki ileile. Unauliza: una chumba? Ujuzi wako unaendana na unachofundisha leo? Mkuu wako anakusikiliza? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa, liliuweka uchovu uliokithiri wa kazi kuwa ni jambo la kazini, likakataa kuuita ugonjwa wa mtu. Maana yake ni nzito. Mkufunzi akichakaa, pa kutazama kwanza ni ratiba yake, kabla ya kumtazama yeye.

Upande ule wa tatu, wa ujuzi, unagusa mgongo moja kwa moja. Mkufunzi aliyeacha wodi miaka kumi iliyopita anafundisha uuguzi wa miaka kumi iliyopita. Jumuiya ya kimataifa ya majeraha ya uti wa mgongo, ISCoS, imeweka mafunzo mtandaoni bure, yakiwamo ya wauguzi, na yeyote mwenye simu anaweza kuyafungua. Lakini kusoma kunataka saa mbili tulivu. Mtu ambaye hana hata saa ya kula hawezi kulaumiwa kwa kufundisha kwa daftari la zamani.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba tatizo la vidonda ni uchache wa wauguzi na uduni wa magodoro, si ualimu. Nalikubali nusu yake. Muuguzi mmoja wa usiku katika wodi iliyojaa hawezi kugeuza kila mtu kila baada ya saa mbili hata angefundishwa na Guttmann mwenyewe. Tena hata penye fedha zote kidonda hakishindwi kirahisi: Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyeanguka kutoka kwa farasi mwaka 1995 na kupooza kuanzia shingoni, alikuwa na wauguzi wake binafsi, na bado alipofariki mwaka 2004 alikuwa akitibiwa maambukizi ya kidonda cha mgandamizo. Lakini uchache wa watu ndio unaofanya elimu iwe muhimu zaidi. Kwetu mgonjwa hulala na ndugu kando yake. Mama, mke, mdogo wake, yuko pale usiku na mchana. Muuguzi aliyefundwa vizuri atatumia dakika ishirini za mchana kumwonyesha ndugu huyo jinsi ya kukagua ngozi, jinsi ya kuweka mto kati ya magoti, ishara gani za kumkimbilia sista. Atakuwa ameongeza mikono miwili wodini. Asiyejua kufundisha atamfukuza ndugu muda wa kutazama wagonjwa ukiisha. Na muuguzi hujifunza kufundisha kwa kumwona mwalimu wake akifundisha, akiwa na muda na subira, akipiga magoti kando ya kitanda.

Kuhusu elimu ya muuguzi na maisha ya mgonjwa upo ushahidi mzito. Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa wagonjwa 422,730 wa upasuaji katika nchi tisa za Ulaya. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja zaidi, uwezekano wa mgonjwa kufa ulipanda kwa asilimia 7. Na sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano huo ulishuka kwa asilimia 7. Ni Ulaya, si Geita, na takwimu za aina hii zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo zinatukataza kusema idadi ya wauguzi ndiyo kila kitu. Idadi na elimu vilionekana vyote viwili, kwa uzito unaofanana.

La pili litakalosemwa ni kwamba mgonjwa akishatoka hospitali ndiko hatari iliko, kwa hiyo fedha ziende kwenye kumfuata nyumbani. Haleluya Moshi na wenzake walikwenda kuwasikiliza watu wa Kilimanjaro wanaoishi na jeraha hili, na maisha wanayoyaeleza ni ya milima isiyopitika kwa kitimwendo, ya kumtegemea ndugu, ya kutaka kuwa na shughuli. Kuwafuata nyumbani ni haki yao. Ila tuwe waangalifu na matarajio. Bangladesh kuna kituo cha kuwarekebisha waliopooza, CRP, kilichoanzishwa na Mwingereza Valerie Taylor mwaka 1979. Huko watafiti walifanya jaribio kubwa kwa watu 410: nusu walipigiwa simu na kutembelewa nyumbani kwa miaka miwili baada ya kuruhusiwa, nusu wakapata huduma ya kawaida. Vifo katika makundi hayo mawili havikutofautiana. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi, na huu ni usomaji wangu: wote 410 walikuwa wamepita katika kituo kinachofundisha mgonjwa na familia yake kwa kina kabla hawajatoka mlangoni. Simu ya baadaye haikuwa na mengi ya kuongeza juu ya mafunzo hayo. Penye somo hafifu wodini, simu ya kila wiki nayo itafika kwa mtu ambaye tayari ana kidonda.

Wakenya walionyesha mwaka 2012 kwamba jamii yetu si ngumu wa moyo. Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi, alitoka Nairobi kwa kitimwendo akisema anakwenda Afrika Kusini kutafuta matibabu, na asirudi mpaka watu wachange shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kisasa cha majeraha ya mgongo. Watu walichanga kwa simu zao, wakamfuata barabarani, wengine wakamsukuma. Hospitali ya Taifa ya majeraha ya mgongo ya Nairobi ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na mahitaji, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini angalia tulivyo: tunachangia jengo. Sijaona harambee ya mwalimu atakayewafundisha watakaofanya kazi ndani ya jengo hilo, na ukiniuliza ningelianza wapi kama fedha ni kidogo, ningeanza na mwalimu.

Kosa la watafiti, kwa maoni yangu, ni kuyatenganisha haya mawili. Wa mgongo wanachapisha kwenye majarida ya mgongo. Wa ustawi wa walimu wanagawa hojaji vyuoni, wanakusanya majibu ya "nakubali" na "sikubali", wanaishia kupendekeza menejimenti iboreshe mazingira. Menejimenti inasoma, inaweka kabatini. Haiwezi kusisimka, kwa sababu hojaji imeishia kwenye hisia za mkufunzi na haikufika kwenye ngozi ya mgonjwa. Mkuu wa chuo anayeambiwa "wakufunzi wako wamechoka" atajibu kwamba hata yeye amechoka. Akiambiwa kwamba hospitali ambazo mkufunzi hukaa wodini siku tatu kwa wiki zina vidonda vichache kuliko zile ambako hufika mwisho wa muhula kusaini vitabu, atalazimika kuita kikao. Na wizara italazimika kufikiria lile ambalo wauguzi wakongwe wamekuwa wakiliomba: nafasi ya kazi ya pamoja, mtu mmoja awe mkufunzi wa chuo na muuguzi wa wodi, kwa mshahara mmoja unaohesabu kazi zote mbili, na darasa lake lipunguzwe kwa kiasi hichohicho.

Utafiti huo hauhitaji mashine ya Uswisi. Zichukuliwe hospitali kadhaa zenye vyuo vya uuguzi jirani. Kila mgonjwa wa mgongo akaguliwe ngozi siku anapoingia na tena wiki ya sita, na anayekagua asijue lolote kuhusu chuo. Upande wa pili ziandikwe saa za mkufunzi alizokaa kando ya kitanda, idadi ya wanafunzi aliokuwa nao, miaka tangu ahudhurie mafunzo ya kujinoa, na majibu yake kuhusu pande nne zile za Saaranen. Wauguzi wapya waulizwe swali la disrefleksia, mbele ya mgonjwa wa kuigiza, wafanye na si kuandika. Kisha namba za pande zote ziwekwe meza moja. KCMC ina wodi, ina kitivo cha uuguzi, ina wataalamu wa fiziotherapia waliokwisha kuwahesabu wagonjwa hawa mkoa mzima, na ina TATCOT, inayofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, vyote vikiwa jirani. Muhimbili ina MOI na chuo kikuu cha MUHAS umbali wa kutembea kwa miguu. Inaweza kuanza muhula ujao.